Mikorosho Tisa Niliyoifuta kwa Kidole

Mpendwa Mjomba,

Uliniuliza kuhusu kazi yangu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, nami nilikujibu ovyo. Mimi nikiwa Uholanzi, wewe barazani kwako Chuno, simu umeishika mbali na sikio kana kwamba ina moto, ulisema: "Hebu nieleze taratibu. Ofisi haipo, bosi hujawahi kumwona, na mshahara unaingia. Sasa asubuhi unaenda wapi?" Nilicheka, nikasema naenda mezani. Leo nataka kukujibu kwa ukamilifu, kwa sababu kazi hiyo imefika shambani kwako, nawe umekwisha kuondoka duniani.

Kampuni yangu iko katika nchi nisiyopata kuikanyaga. Hunitumia picha zilizopigwa na satelaiti, mashamba yakionekana kutoka juu, na programu ya akili mnemba huchora mipaka yake kabla mimi sijaketi. Mstari wa njano huzunguka kila kipande, na pembeni hutokea fomu fupi ambayo programu imekwisha kuijaza. Kazi yangu ni kukubali, kurekebisha au kukataa. Majina ya wamiliki hukusanywa na watu walioko vijijini. Sisi tulio mbali hushughulika na mistari.

Uliposikia hayo, ukauliza swali ambalo kwa mpima mizani wa ghala la korosho kama wewe lilikuwa la kawaida: "Na hiyo mashine ikikosea, anaulizwa nani?"

"Kuna utaratibu, Mjomba."

"Utaratibu una jina?"

Nikabadilisha mazungumzo. Wewe uliyekuwa ukifuta vumbi kwenye bamba la mizani kabla ya kila gunia hukupenda jibu lile, lakini ulikuwa muungwana, ukaniuliza kama huku nilikopata makazi wanakula muhogo.

Miezi michache iliyopita, kati ya picha za siku moja, lilitokea shamba lako. Nililitambua kabla ya kusoma namba yake. Njia ya kwenda Kilambo inapinda pale pale inapopinda, na paa la bati la Issa, mdogo wangu, linang'aa kama lilivyokuwa likituumiza macho. Mikorosho ilionekana kama madoa ya kijani kibichi, matawi yamegusana hata nisiweze kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ungeniuliza nilihisi nini. Nilihisi fahari, na hilo nalitaja kwa sababu ndilo chanzo cha kosa. Kanuni inataka anayefahamiana na mahali au watu wake aipeleke picha kwa mwenzake. Sikuipeleka. Mstari ulikuwa sahihi kabisa, nikaukubali. Mfumo hurekodi muda: sekunde kumi na nne.

Katika fomu kulikuwa na swali moja ambalo sikulisoma: je, ndani ya kipande hiki kuna haki ya mtu mwingine? Programu ilikwisha kuandika "hapana".

Unakumbuka msimu ule nilipokuwa na miaka minane? Tuliokota korosho mimi, Issa na wewe, nikavuka kwenye kivuli cha miti ya upande wa bonde na kuanza kujaza kikapu. Ulinikamata mkono.

"Hapo acha. Hiyo ya Bi Somoe."

"Lakini iko kwetu!"

"Iko kwetu. Siyo yetu."

Ukanieleza kwamba zamani bibi yetu alimpa baba yake Bi Somoe ruhusa ya kuotesha pale, naye akaotesha tisa. Ardhi ikabaki kwa bibi, miti ikabaki kwa aliyeiotesha, kisha kwa binti yake, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona. Nilitaka kujua itakuwaje korosho ya Bi Somoe ikiviringika hadi chini ya mti wetu.

"Inarudi kwa mama yake."

"Nani ataitambua?"

"Wewe si umeiona ikiviringika? Basi wewe ndiye shahidi. Kairudishe."

Nikairudisha, nimekasirika, na Issa akinicheka njia nzima.

Sasa Issa ndiye aliyenipigia, naye hakuwa na hasira hata kidogo. Baada yako shamba lilitujia sisi, watoto wa dada yako, kama desturi inavyotaka. Ramani ilikuwa imebandikwa katika ofisi ya kijiji ili mwenye pingamizi aseme kabla hati za kimila hazijatolewa. Bi Somoe alikwenda, akamwomba mtendaji amsomee, akaambiwa hamo.

"Dada, kompyuta yako imetusaidia," Issa alisema. "Mpaka umekaa sawa, na yule bibi hana karatasi yoyote."

"Issa, ile miti ni yake. Unajua."

"Mimi najua, wewe unajua. Ramani haijui. Tena aliyeichora si wewe? Unataka kujishtaki mwenyewe?"

Hakuwa mtu mbaya aliposema hivyo. Ana watoto wanne, na miti tisa ya umri ule huzaa vizuri. Lakini Bi Somoe ana miti hiyo tu. Hakuna kingine kinachomlisha.

Nilimwandikia msimamizi wangu siku hiyo hiyo, nikataja kanuni niliyoivunja, sekunde kumi na nne, na undugu wangu na jina lililomo kwenye kipande. Nilitarajia karipio. Yeye alinipigia kwa video, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mti unawezaje kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi?" Nilimweleza kama ulivyonieleza wewe, hadi korosho inayoviringika. Akatazama kumbukumbu za mradi, akasema kwamba katika wilaya nzima hakuna mmoja wetu aliyewahi kubadilisha ile "hapana". Tukatazamana. Ama haki za namna hiyo hazipo popote isipokuwa kwako, Mjomba, ama zipo kila mahali na hakuna aliyeuliza. Sijui ni lipi. Nalifikiria karibu kila siku. Alinitoa katika eneo hilo, jambo ambalo ni haki, akaagiza swali lile liachwe wazi bila jibu la mashine, akaniruhusu nitoe ushahidi kama mwanafamilia.

Ushahidi ulihitaji mahali pa kila mti. Issa alikubali kushika simu baada ya siku mbili za kununa. Bi Somoe alitokea kwenye kioo, kanga kichwani, akanikodolea macho.

"Wewe ndiye uliyenifuta?"

"Ndiyo, bibi. Ni mimi."

"Kwa kitu gani hasa? Kwa kalamu?"

"Kwa kidole."

"Kidole kimoja?" Akamgeukia Issa. "Na huyu alisomeshwa miaka yote ile!"

Wakatembea mti kwa mti. Chini ya kila mmoja aliweka kiganja kwenye shina na kusubiri hadi nisome kwa sauti namba za mahali zilizonifikia kutoka simu ya Issa, kisha akazirudia, ingawa alikiri hajui ni za nini. Kwenye mti wa sita Issa akasema betri inaisha. Bi Somoe akamwambia aizime tochi aliyoiwasha mchana kweupe. Yote tisa ikaandikwa. Mimi na Issa tukasaini kama wenye ardhi, halmashauri ya kijiji ikakubali, na juzi karatasi yake ikagongwa muhuri. Issa ananijibu kwa neno moja moja. Nadhani itapita.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie leo. Jana Bi Somoe alipiga kunishukuru, akaniomba nigeuze simu aone ninapoishi. Nikamwonyesha dirisha.

"Miti mizuri. Ya nani?"

"Ya manispaa, nadhani."

"Unadhani?"

"Bibi, mimi ni mpangaji tu."

"Umekaa hapo miaka mingapi?"

"Sita."

"Mtu anayeandika mali za watu dunia nzima," alisema, akacheka hadi akakohoa, "hajui anakaa kwenye kivuli cha nani!"

Leo asubuhi nikashuka ngazi, nikabisha mlango wa mzee wa chini ambaye kwa miaka sita tumesalimiana kwa kichwa tu. Nikamuuliza ile miti ya uani ni ya nani. Alifikiri sana. Akasema hajui, na kwamba sasa nilivyouliza hatapata raha hadi ajue. Akavaa koti juu ya nguo za kulalia, tukatoka pamoja kwenye umande, tukaanza na ule ulio karibu na uzio, tukimuuliza jirani wa upande wa pili.

Nakuaga hapa, Mjomba. Bado hatujamaliza kuuliza, na mzee ananisubiri nje.

Mpwa wako uliyemfanya shahidi