Naelijwa Anafundishwa Kugeukia Kulia

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka uwanjani tangu asubuhi, na mimi nimeamka na hamu ya kumsikia mwanangu.

Leo nilikuwa na mazoezi na mabinti wa timu yetu hapa Mamba. Tumetandaza ngazi ya kamba chini, wakapita kwa hatua fupi fupi, kisha wakakimbia zigizaga kati ya chupa nilizojaza mchanga. Nikipiga filimbi, wanageuka. Katikati ya zoezi nikaita, "Naeli, shusha kiuno!"

Wakanitazama tu. Naelijwa hayupo. Mwanangu yuko Dar, amechukuliwa na timu ya vijana ya wasichana.

Uwanja wetu una mteremko. Kila zoezi tunaanzia barabarani, kwa hiyo kushoto ni juu, kwenye mashamba ya tangawizi, na kulia ni bondeni. Ukigeukia kulia kwa kasi unaishia kwenye migomba ya watu. Basi watoto wetu wamezoea kugeukia kushoto, na Naeli alikuwa anageuka vizuri mpaka raha.

Mchana kanipigia. Baada ya shikamoo akaniambia kocha wao amegundua anageukia upande mmoja tu, hata kwenye uwanja tambarare. Mabeki wameshamjua. Sasa wanamfundisha kulia, kila asubuhi.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Mbona nafurahia, mama."

Nilitaka anung'unike kidogo. Nilitaka aseme anarudi Krismasi. Kasema hatarudi, wana mechi, na mimi nikajifanya nimepokea vizuri.

Nimemmiss, jamani. Hata vile viatu vyake vya tope mlangoni, vilivyokuwa vinaniudhi kila jioni, leo ningevifuta kwa furaha.

Simu ilipokatika nikaenda kuongea na dereva wa gari linaloshusha tangawizi mjini Same. Amekubali kutubeba wiki ijayo, tukafanye mazoezi kwenye uwanja wa huko chini, ulio sawa. Nataka mabinti wageuke pande zote mbili, wasije wakaanza upya huko waendako.

Huko waendako. Nimeliandika hilo bila kufikiri.

Wakishaweza, nao watachukuliwa. Najua hivyo, na bado nimemwambia dereva aje mapema. Au niwafundishe nusu nusu, wabaki na mimi?