Sikio ku ubao wa choo

Annette, ile uyoga ya kuteleza kama sikio nilikupikia dimanche kisha misa, ulibeba yenye ilibaki. Tupa. Usiwapelekee bakwe yako.

Mujukuu wangu Déborah, ule ananiita koko na anasoma mimea ku université, amenionyesha enveloppe ya kuweka ku herbier, kile kitabu yao ya mimea ya kukausha. Ndani kuko uyoga ile ile, imekauka kama ngozi. Juu ameandika pahali aliitoa: «Ubao wa choo, kwa koko Mbambu.»

Choo yangu, Annette.

Nikamuuliza, na ile uliniletea ya kupika, ulitoa wapi?

«Pale pale, koko. Ilikuwa mingi.»

Pale pale. Nimetema mate mpaka kinywa imekauka. Na wewe ulilamba sahani.

Bon, kitendawili: sikio bila kichwa, ilitusikiliza kule kila asubuhi, kisha tukaikula. Jibu usiniandikie.