Ile Maji Imefunika Pale Tulikulaza

Baba Kiprono,

Ni mimi, mama ya watoto yako. Mkono si yangu, ni ya karani wa duka, mtu wa kutoka kule chini kwa ziwa kubwa. Mimi nasema, yeye anaandika. Akicheka, usikasirike.

Mzee, hii nchi imegeuka. Ule mto yetu wazungu wamefunga na mawe, sasa iko ziwa hapa juu kwa milima. Kiangazi ikifika, Kisumu ikichoma na joto, wanakuja na mahema, na mabibi, na mbwa. Wanashika fimbo kutwa wanavua samaki. Halafu wanapima, wanarudisha kwa maji! Wewe ungecheka mpaka ugoro itoke kwa pua. Si ulikuwa unasema samaki ni nyoka tu?

Ngoja, nimepotea. Maji, ndiyo. Ile maji imefunika kichaka pale tulikulaza siku ulikufa. Sasa nikitaka kukuita sijui niangalie wapi. Karani anasema, "Mama, kwetu mtu anazikwa mbele ya nyumba yake, hapotei." Nikamwambia, nyamaza, andika.

Sasa wanataka hata boma yetu, wajenge nyumba ya wageni. Kiprono anasema twende kukaa Kimulot. Nilikataa. Wewe nikuache na nani?

Lakini juzi bibi ya Kiprono amezaa mtoto mwanaume. Sisi wamama tukakaa, tukaita majina ya watu wetu waliokufa, mpaka mtoto apige chafya kwa jina ya yule amerudi ndani yake, vile desturi iko. Babu yako, kimya. Ndugu yako, kimya. Wewe... chafya! Wamama wakapiga kelele, "Mzee amerudi!" Mimi nikalia.

Lakini ukungu ya ile ziwa ilikuwa imeingia kwa mlango, baridi kabisa. Ilikuwa wewe, ama baridi? Nikimwangalia, anakunja uso kama wewe ukicheleweshwa maziwa. Halafu jioni vyura wanalia kule, nasema hapana, mzee bado iko kwa maji.

Mtu anaweza kuwa pande mbili?

Kesho tunahama. Mtoto nitabeba mimi, kwa mgongo. Kama ni wewe, lala. Kama uko kwa maji, toka, fuata moshi. Nitabeba makaa ya moto yetu kwa chungu, na huko Kimulot sitaacha izime.

Kwaheri, mzee. Ama niseme karibu. Sijui.