Vijiko vya Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia nimekaa juu ya maranda, harufu ya mbao mbichi imenilevya kama usingizi wa mchana. Hapa karakanani kwa Baba hatujambo. Paka kazaa ndani ya sanduku la misumari, hebu fikiria!

Baba anatuchongea vijiko vya mbao, seti ya nyumba nzima. Unamjua: kila mpini lazima aukate kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe. Cha mama kipo tayari, kinaota jua dirishani. Chako kimetoka kidogo, cha mtoto wa miaka saba.

Nikamwambia, "Baba, huyo siku hizi ni mama wa watoto wawili."

Akacheka. "Acha utani wako. Si alikuwa hapa sasa hivi akiokota maranda?"

Nilikichukua kijiko chako. Nilikipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu.

Changu bado. Jana alinishika mkono ili aupime, akaugeuzageuza, kisha akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani.

Njoo, mdogo wangu. Wewe bado anakujua.

Ni mimi,
dada yako