Vioo Vyangu, Kampuni Yake

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nyumba mbili za maofisa wa shamba la miwa leo. Luva tupu, yale madirisha ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila kioo unakichomoa kwenye vibanio, unakiosha pande zote mbili, unakikausha kwa gazeti, unakirudisha. Halafu kinachofuata. Mwenye nyumba akirudi jioni anaona dirisha safi, basi. Haoni ndoo nilizobeba kutoka bombani. Haoni mgongo wangu. Kioo kikipasuka ni changu. Kikitakata ni cha Baba Editha.

Yeye alipita saa nne na mkoba wake wa ngozi. Akasalimiana na mwenye nyumba, akaitwa Mkurugenzi wa kampuni ya kuosha madirisha, akatabasamu. Mume wangu huyu, tangu apunguzwe kazi kiwandani, hajashika kitambaa hata siku moja. Ndani ya mkoba mna kitana na leso. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumegawana: juani mimi, kivulini yeye.

Nina hasira. Naandika hapa ili nisimtupie sufuria.

Jumanne, 9 Julai

Mkurugenzi kapata kazi kubwa. Nyumba ya wageni ya shamba, ghorofa zote mbili. Wageni wanatoka Dar, wanafika Ijumaa jioni. Kaahidi kwamba Alhamisi vioo vyote vitakuwa vimeoshwa. Mimi nimeambiwa baada ya ahadi, kama punda.

Tukifanya vizuri tutapewa nyumba hiyo msimu mzima. Tukiharibu, na nyumba za maofisa zitatuponyoka. Sina kazi nyingine. Binti yetu Editha yuko shule ya bweni Ifakara, na karo inatoka kwenye madirisha haya haya.

Jioni bombani nikakutana na Mama Zubeda. Mumewe yuko kwenye kikosi cha kuchoma miwa kabla ya kukatwa. Kaniambia Alhamisi jioni wanachoma shamba lililo nyuma kabisa ya nyumba ya wageni. Mtu yeyote wa Kidatu anajua maana yake. Masizi yatashuka mpaka kwenye uji.

Nimemwambia Baba Editha tuoshe Ijumaa alfajiri, moto ukishapita. Kacheka. "Ratiba ya kiwanda waijue wanawake wa bombani?" Akaendelea kula. Wali nilioupika mimi.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia tena. Kasema nimeanza kiburi kwa kuwa naingia nyumba za wakubwa.

Basi. Sisemi mara ya tatu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeosha. Kutwa nzima juu ya ngazi, na ngazi yenyewe hakuna wa kuishika. Vioo vya ghorofani vilikuwa na uchafu wa tangu masika, mavi ya mijusi, buibui. Saa tisa nikamaliza. Vilikuwa vizuri. Nasema kweli, nilisimama uani nikavitazama, milima ya Udzungwa yote ilikuwa ndani yake. Nikafurahi kama mjinga, huku najua.

Saa kumi na mbili moshi ukapanda. Nimekaa mlangoni kwangu kuangalia masizi yanavyotua, meusi, marefu, taratibu. Yalitua hata kwenye kanga yangu. Yeye alikuwa ndani anasikiliza redio.

Ijumaa, 12 Julai

Tumeitwa asubuhi. Msimamizi wa nyumba ya wageni, mzee mtaratibu siku zote, leo hata shikamoo yangu aliiitikia kwa pua. Madirisha yote yalikuwa meusi.

Baba Editha hakunitazama. Alisema: "Mzee, mwanamke huyu nilimkataza. Nilimwambia subiri moto upite. Hasikii."

Maneno yangu. Yaleyale, kayatoa kinywani mwake kama yake.

Ningemkana mume wangu wa ndoa mbele ya mzee, ningeonekana sina adabu, na kazi ingekwenda vilevile. Ulimi niliuuma mpaka ukaniuma kweli. Mzee akasema, "Mama, wewe pumzika nyumbani. Baba Editha, lete wanaume, wageni wanakuja."

Akaitikia ndiyo. Akachukua ngazi yangu, ndoo zangu, akawaita binamu zake wawili. Ahsante hakuna, samahani hakuna.

Namchukia leo. Sitaki kulipamba neno hilo.

Jumamosi, 13 Julai

Mama Zubeda kanisimulia yote. Wanaume walimwaga maji juu ya masizi. Maji! Masizi ya miwa yana sukari. Yakilowa yananata, ukisugua yanatambaa, yanaingia kwenye wavu wa mbu na hayatoki. Unayafagia kwanza yakiwa makavu, kwa brashi laini, kuanzia juu. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuharibu pazia la watu. Wageni wamefika wamekuta madirisha yana michirizi kama uso wa mtoto aliyelia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Zubeda naye akacheka. Halafu nikaacha. Vile ni vioo nilivyoviosha kutwa nzima.

Jumatatu, 15 Julai

Nimepanda basi kwenda Ifakara bila kumuaga Baba Editha. Nimeaga majirani tu. Vumbi kutoka Kiberege mpaka mjini. Nimekwenda hosteli ya masista, madirisha mengi, luva zote, hazijaoshwa siku nyingi. Sista mkubwa akauliza kampuni ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Akanionyesha dirisha moja la jikoni, nioshe aone. Nikaosha. Akapitisha kidole, akatazama kidole. Naanza Jumatano. Ngazi wanayo yao. Nitalala kwa dada yangu aliye huko huko, na Editha nitamwona kila siku.

Jumanne, 16 Julai

Nimerudi Kidatu kufungasha nguo. Mume wangu karudi jioni kidole gumba kimechanika. Luva. Alikuwa anachomoa kioo kwa nguvu kule nyumba ya wageni. Mzee amempa mpaka kesho, vioo vitakate au asionekane tena pale wala kwenye nyumba za maofisa.

Nimechemsha maji ya chumvi, nimemsafisha, nimemfunga kitambaa. Hakupiga kelele. Nimemwambia kesho naondoka na basi la kwanza, nimepata kazi Ifakara. Hakuuliza kazi gani. Akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu tulipooana: "Mama Editha, yale masizi huwa unayatoaje?"

Nilimwambia sijui, kwani si mimi ndiye mwanamke asiyesikia?

Hakuondoka. Alibaki pale kwenye kigoda anasubiri. Nikavuta ungo, nikaanza kuchambua mchele.