Neno Jepesi la Mtaa Wetu

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya huko imepunguza ukali. Sisi hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Juzi alimfukuza muuza mitumba mlangoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana Mama alikueleza kwamba mimi nauza maneno. Hakukosea sana. Ofisi yetu ipo ghorofani, juu ya duka la miwani. Mfanyabiashara anakuja, anataka watu wakitafuta kitu kwenye simu wamwone yeye kwanza. Mimi nalipima lile neno watakalolitafuta: ni gumu au jepesi? Kompyuta inanipa alama, lakini siiamini peke yake. Naliandika neno, natazama nani amekaa ukurasa wa kwanza. Nikikuta magazeti, wizara na makampuni ambayo tovuti nyingine zote zinaelekeza watu huko, namwambia mteja ajiandae kusukumana muda mrefu. Nikikuta kurasa za zamani zilizolala, zinazoligusa jambo kwa mbali tu, namwambia apite, mlango uko wazi.

Mwezi uliopita alikuja dalali mmoja. Mpole, sauti ya chini, viatu havina hata tone la tope japo mvua ilikuwa inanyesha. Neno alilotaka nimpimie lilikuwa "viwanja", likifuatwa na jina la mtaa wetu.

Nilicheka kimoyomoyo. Kiwanja gani huku kwetu, Kaka, ambako jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwambia pole kupitia ukutani? Nikapima. Neno lilikuwa jepesi kama unyoya: matokeo ya mpira, tangazo la mafuriko ya zamani, na mtu aliyepotelewa na mbuzi. Ila kitu kimoja kilinikaa vibaya. Watu walikuwa wanalitafuta, tena wanazidi kuongezeka, na karibu wote walikuwa nje ya nchi.

Siku chache baadaye, kabla ya kumkabidhi majibu, nikalitazama tena, kama kawaida yangu. Ukurasa ulikuwa umejaa. Tovuti mpya, moja baada ya nyingine, zote zinasema maneno yaleyale: eneo tupu, tulivu, halina wakazi. Moja ilikuwa na picha. Nikautambua uwanja wa mpira, nikaitambua nguzo ya umeme iliyoinama. Kushoto kwa nguzo, pale ilipo nyumba hii ninayokuandikia, kulikuwa na nyasi. Nyasi za kijani, safi, zimechorwa vizuri mpaka kivuli.

Dalali alipokuja kuchukua majibu, nikamuuliza watu wanaokaa pale atawapeleka wapi. Hakukasirika. Alinigeuzia kompyuta yangu mwenyewe, akasema taratibu, "Watu gani, binti? Tafuta uone kama wapo."

Nilitafuta. Hatukuwapo.

Bosi wetu tunamwita Tai kwa sababu ya tai yake nyekundu, ingawa kwa macho yale hata yule ndege hayuko mbali. Aliniambia kazi yetu ni kupima, si kuuliza maswali. Nikamjibu basi nimeshapima, nikachukua mkoba wangu. Sijarudi tena.

Jioni ile sebule ya Mama ilijaa: fundi cherehani, seremala, na yule nesi mstaafu wa nyumba ya kona. Seremala alitaka twende tukamvunje dalali miguu. Nesi akasema miguu hiyo ataletewa yeye aifunge bandeji, kwa hiyo tufikirie kingine. Nikawaeleza kwamba neno bado ni jepesi, kwa kuwa tovuti zile zote ni changa na hakuna anayezitambua. Tukiwahi, tutakaa mbele yao.

Basi tukatengeneza ukurasa wetu, kila mtu amesimama mbele ya mlango wake, na maelezo ya nani alizaliwa humo na nani alifia humo. Fundi cherehani alibadilisha gauni mara mbili. Shule, zahanati na timu ya mpira wakawaelekeza watu kwetu kutoka kwenye kurasa zao, na hilo ndilo lililotupandisha. Tukawa wa kwanza. Nilipomwonyesha Mama, aliigusa picha yake kwa kidole, akauliza kwa nini sikumwambia avue ndala.

Simu zikaanza kuingia kutoka mbali. Mwanamume mmoja aliuliza kama zile nyumba ni za kweli. Nikamwambia ni za kweli. Akasema ameshalipia, akakata simu.

Halafu dalali akaja hapa nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, maji aliyopewa hakuyagusa. Akamwambia Mama, "Picha yako imetoka vizuri, mama. Aliyekupiga namfahamu." Mama akamjibu kwamba hata yeye anamfahamu, amemzaa, na kwamba mlango uko palepale alipoingilia. Dalali aliondoka akitabasamu. Tangu siku hiyo kuna gari jeupe linaegeshwa karibu na uwanja, vioo vimefungwa, hashuki mtu.

Wiki hii nikaelewa lile tabasamu. Tovuti zao zote zimefutwa. Neno letu tumeachiwa wenyewe, na hakuna tena anayelitafuta. Nilifurahi, lakini furaha haikufika jioni. Seremala aliniita nikaone kibao kilichosimikwa kando ya barabara. Eneo letu wamelipa jina jingine: Bustani Tulivu. Nikaliandika kwenye simu palepale, nimesimama juani. Ukurasa mzima ni wao, juu mpaka chini. Katika kazi yangu, Kaka, hakuna neno jepesi kuliko lile ambalo mtu mwingine hajawahi kuliandika.

Nesi amepeleka malalamiko ofisi ya ardhi. Wameyapokea kwa adabu, wakamwambia asubiri. Mimi nimeanza upya na ukurasa mwingine, lakini safari hii wametutangulia.

Sasa nikuambie kilichonikalisha niandike. Leo mchana Mama alinisimulia, uso umemjaa furaha, kwamba ulimpigia. Umepata kiwanja karibu na nyumbani, mahali patulivu, utakuja kumjengea nyumba isiyo na ngazi. Nikamuuliza wapi. Jina hakulikumbuka. Alisema ni zuri tu, lina bustani ndani yake.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nimekupigia tangu hapo na simu yako haipatikani. Ukiipata barua hii, usitie saini popote, wala usimpe mtu chochote mpaka tuongee.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawawaza. Fundi cherehani anakusalimu, na Mama anakupa baraka zake zote. Mungu akufunike huko uliko, na sisi atuache hapa tulipo.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wenu