Mstari Karibu na Taa ya Kijani

3 Februari

Kaka mpendwa,

Hujambo? Kazi zinaendaje? Huku sisi wazima. Mama anakohoa kidogo ila anakataa kwamba anakohoa.

Ndani ya soksi niliyofunga humu kuna ubao wangu wa saketi. Usinicheke kwanza. Nimechora njia zake kwa kalamu juu ya shaba, nikauchovya kwenye dawa mpaka vidole vikawa vya manjano, nikalehemu mwenyewe. Ukigusisha ncha yake kwenye waya, taa nyekundu maana yake kuna umeme. Ikiwaka ya kijani, shika bila wasiwasi. Ndiyo kazi nitakayopeleka kwenye usaili wa chuo cha ufundi. Unanijua, nikiulizwa jina tu mbele ya watu natokwa na jasho. Nimeamua ubao uniongelee.

Naomba uupime kwenye zile mashine zenu zinazochora mawimbi ya umeme, kisha unirudishie kabla ya usaili. Wewe ndiye mhandisi wetu. Ukisema unafaa, nitaamini.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, kazi juu ya kazi.

Nitasema ukweli kwa sababu nakupenda. Ubao wako umekufa. Niliuweka mezani, mashine ikachora mstari mnyoofu kama wa mgonjwa aliyekata roho. Ofisi nzima ilicheka. Fundi mmoja tu, tunamwita Kicheko, alisema ni mzuri, lakini huyo husifia hata chai iliyopoa. Nimeutupa, usiuulizie.

Nimempigia Mama aondoe jina lako kwenye usaili. Afadhali ulie nyumbani kuliko kuaibika mbele ya wakufunzi, na wewe hata hodi hujui kubisha. Kushona je? Cherehani haiulizi maswali.

Kaka yako, mhandisi

20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Mama hakohoi tena, ana furaha mno.

Mwalimu wa fizikia alileta gazeti la habari za elektroniki. Ni la Kiingereza, kwa hiyo Mama aliniketisha nimtafsirie, na majirani wamejaa sebuleni. Uko ukurasa mzima, umeshika ubao. Nilitafsiri kila kitu, Kaka, hata pale waliposema uliubuni peke yako. Mama alitaka nirudie hapo. Nikarudia.

Kwenye picha, karibu na taa ya kijani, kuna mstari wa shaba usiokwenda popote. Umewaambia waandishi ni mstari wa usalama. Kalamu yangu iliteleza Mama aliponiita nikaanue nguo.

Sikuandikii kukulaumu. Siku ya usaili nilifua, basi. Ila nimetengeneza mwingine kama ule, hata mstari ulioteleza nikauchora, nijue ulikufa wapi, na haukufa. Tatizo ni betri ikichoka: umeme unavujia kwenye ule mstari, taa ya kijani inawaka hata kama waya una moto wake wote. Na gazeti linasema kwenye maonyesho mtashika waya kwa mikono mitupu. Ukwangue mstari huo, Kaka. Sitamwambia mtu ubao ni wa nani. Ukwangue tu.

Mdogo wako

9 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Masomo je? Na Mama nimeshaongea naye, anajua.

Kwenye maonyesho betri ilikuwa imetumika tangu asubuhi. Taa ikawaka kijani. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wageni, nikamwambia Kicheko ashike waya. Alishika huku anatania kwamba mke wake ana makali kuliko umeme. Tumemzika Jumanne. Huyo mke ni mjamzito.

Usiogope. Wakubwa nimewaeleza ukweli wote: ubao ni wako, uliubuni wewe peke yako, mimi kosa langu ni kuamini damu yangu. Nimewaonyesha na barua yako ile iliyokuja na soksi, wameona mwandiko. Watakuja nyumbani na maswali. Vaa vizuri, simama wima, sema kwa sauti. Safari hii hakuna ubao wa kukuongelea.

Na wakiuliza, ile barua ya betri haikunifikia.

Kaka yako